Kijiji Kidogo Kivulini

Kila asubuhi, baada ya sala ya alfajiri, Eeddo Saynab aliketi kwenye mkeka mbele ya nyumba na kuanza kazi ya mkonge. Alilaza jani refu juu ya ubao, akalikwangua kwa chuma butu mpaka nyama yake ya kijani ikatoka yote, zikabaki nyuzi nyeupe. Nyuzi hizo alizisokota juu ya paja lake, zikawa kamba. Katika mtaa wao wa Bulla Barwaqo, mjini Garissa, hapakuwa na mwanamke mwingine aliyesokota kamba kama zile. Wafugaji walitoka mpaka Modogashe kuja kuzinunua, kwa sababu ngamia aliyefungwa kwa kamba ya Saynab hakufunguka mpaka afunguliwe.

Deeqa, binti wa kaka yake, aliyemwita Eeddo, yaani shangazi, alikuwa na kazi zake pia. Alimsubiri mwenye mkokoteni wa punda, akajaza pipa maji, akafagia ua, akanywa chai ya maziwa. Kisha alivaa hijabu yake nyeupe na kushika njia ya shule. Juu ya migunga ya mji, korongo wakubwa walisimama kimya wakiwatazama wapita njia, kama wazee waliokasirishwa na jambo.

Deeqa alikuwa na miaka kumi na mitatu, naye alikuwa darasa la nne pamoja na watoto wa miaka kumi na kumi na mmoja. Huo ulikuwa mwaka wa 1999. Kabla ya hapo alikuwa mchungaji. Halafu ilikuja ile mvua kubwa iliyoanza mwishoni mwa mwaka 1997, ikanyesha mpaka Mto Tana ukavunja kingo zake na barabara zikakatika. Mbuzi wa baba yake walisimama ndani ya maji na matope kwa majuma mengi, wakaugua, wakafa. Baba alibaki na ngamia wachache, akahamia nao upande wa Modogashe, na Deeqa akaletwa kwa shangazi yake ili asome. Darasani baadhi ya wenzake walimwita msichana wa mbuzi. Hakujibu. Kiswahili chake kilikuwa bado kinatembea polepole, na ugomvi unahitaji maneno ya haraka.

Siku moja mwezi wa Mei, Mwalimu Isacko aliingia darasani na kufungua madirisha ya nyuma. Alikuwa Mborana kutoka Buna, mwembamba, mwenye sauti ya chini, na alifundisha Sayansi na Kilimo.

"Nyuma ya darasa hili kuna kivuli," alisema. "Mmekiona?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Kinazaa nini?"

Hamse, aliyekaa karibu na mlango, akainua mkono. "Kinazaa wanafunzi waliotoroka somo la hesabu, Mwalimu."

Wanafunzi wengi wakacheka, na hata Mwalimu Isacko akageuza uso kuficha tabasamu. Kisha akaeleza. Chini ya migunga na mwarobaini kulikuwa na kiwanja kikubwa kisichoota kitu. Jua halikufika vizuri, na maji ya shule yaliletwa na punda. Kila kikundi kingepewa sehemu yake, hatua nne kwa nne, na kutengeneza bustani ya kivulini kabla ya siku ya wazazi mwishoni mwa Julai.

"Kila kikundi kitapata mtungi mmoja wa lita ishirini kwa juma," alisema. "Mtaumwaga Jumatatu, nikiwa nawaona. Kikundi kitakachoongeza hata kikombe kimoja kimejiondoa mashindanoni. Mtu yeyote anaweza kuotesha bustani akiwa na mto mzima. Mimi nataka bustani inayoweza kuishi hapa."

"Na zawadi, Mwalimu?" Hamse akauliza.

"Bustani itakayoshinda tutaipanda mbele ya madarasa mapya yote yanayojengwa. Aliyeibuni atakuwa msimamizi wake."

Deeqa alilirudia neno hilo kimoyomoyo mara mbili. Msimamizi. Tangu mbuzi wafe, hakuna mtu aliyemkabidhi kitu chochote hai akitunze.

Kikundi chake kilikuwa na watu wawili tu, yeye na Sado, msichana mfupi mwenye ulimi mwepesi. Wengine walikimbilia sukuma wiki na maua ya kuomba ofisini. Deeqa alikwenda na Eeddo Saynab kwenye vichaka vya kando ya mto, mahali shangazi yake alipozoea kukata mkonge. Huko alichagua mimea mitatu ambayo aliiona tangu utotoni ikikaa chini ya miti bila kulalamika. Wa kwanza ulikuwa mkonge wa porini, wenye majani yaliyosimama kama mikuki na madoadoa meupe. Wa pili ulikuwa shubiri. Wa tatu ulikuwa mmea wa kutambaa wenye shina nene la pembe nne, ambao hata mbuzi mwenye njaa huufikiria mara mbili.

Alipoipanda, alirudi nyuma akatazama. Kulikuwa na upungufu fulani. Ndipo akaketi chini na kufanya kile ambacho wasichana wa wafugaji hukifanya machungani wakati mbuzi wamelala adhuhuri: akajenga kijiji cha kuchezea. Alipinda vijiti vyembamba, akavifunga kwa nyuzi za mkonge, akavifunika kwa vipande vya mikeka ya shangazi yake. Zikatokea nyumba nne za mviringo, aqal halisi, kila moja kubwa kama bakuli. Alizizungushia zizi la miiba midogo. Mawe meupe yakawa kondoo, mawe ya kahawia yakawa mbuzi. Majani ya mkonge yalisimama nyuma ya nyumba kama msitu mrefu, na shubiri zikawa miti ya kivuli ya kijiji. Mtu akilala kifudifudi na kutazama kwa jicho moja, alikuwa Modogashe.

"Abaayo, dada yangu," Sado akasema polepole, "wewe umejificha wapi siku zote hizi?"

Habari zilienea. Watoto wa darasa la kwanza walikuja kila mapumziko, wakachuchumaa pembeni na mikono nyuma, kwa sababu Sado aliwatisha kwamba atakayegusa atahesabiwa kuwa fisi. Mpishi wa shule alikuja na mwiko mkononi, akasimama muda mrefu, akasema nyumba ya mama yake ilikuwa vivyo hivyo. Mwalimu mkuu alileta wageni wawili kuona.

Hamse pia alikuja. "Deeqa, nani atahamia humo? Majini?"

"Majini wafupi," Sado akamjibu. "Wewe tungekukaribisha, ila hicho kichwa hakipiti mlangoni."

"Nami siwezi kuhamia. Kijiji gani hiki hakina ngamia?"

Deeqa alicheka. Ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka ndani ya uzio wa shule ile.

Lakini katika juma la pili wasiwasi ulimwingia. Jumatatu walimwaga mtungi wao, na kufikia Jumatano udongo ulikuwa mkavu kama unga. Kule machungani kazi yake ilikuwa kuwanywesha wana wa mbuzi waliofungwa zizini. Baba yake alikuwa na amri moja ambayo hakuivunja hata siku ya kiangazi kikali: mnyama uliyemfunga kamba hawezi kwenda kisimani mwenyewe, basi hunywa kabla yako. Deeqa aliitazama mimea yake. Aliing'oa yeye kutoka porini. Aliifunga yeye hapa. Na haikuwa na sauti ya kulia.

Alfajiri iliyofuata alichota kidumu cha lita tano kutoka katika pipa la nyumbani, akafika shuleni kabla ya mtu yeyote, akamimina chote. Udongo ulipokunywa, moyo wake ulitulia. Kesho yake alirudi tena, na kesho kutwa pia. Alijua ni kinyume cha sheria ya Mwalimu. Alijiambia kwamba Mwalimu alikuwa akizungumza juu ya bustani, na yeye alikuwa akinywesha vilivyofungwa.

Majuma sita yalipita hivyo. Mimea ilinenepa, majani yakang'aa, na sifa zikaongezeka.

Jumatatu moja katikati ya Julai, Deeqa na Sado walikuta jani refu kuliko yote la mkonge limelala ubavu. Deeqa alilinyanyua, nalo likamfuata lote mkononi. Chini lilikuwa la kahawia, laini kama ndizi iliyooza, na lilinuka. Aligusa la pili likaanguka. Shubiri mbili zilikuwa zimegeuka rangi ya maji ya chai.

"Mtu ametia sumu," Sado akasema. "Chumvi, au mafuta ya taa. Na wallahi namjua. Jana jioni nilipopita kwenda kwa bibi nilimwona Hamse amechuchumaa hapa peke yake. Aliponiona akakimbia."

Kabla Deeqa hajafungua mdomo, Sado alikuwa ameshafika mlangoni mwa Mwalimu Isacko.

Mwalimu alimsimamisha Hamse mbele ya darasa. "Ulikuwa pale jana jioni?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Ulikuwa unafanya nini?"

Hamse alitazama viatu vyake. "Nilikuwa natazama tu."

"Umemwaga kitu?"

"Hapana, Mwalimu."

"Kuna mwingine yeyote aliyemwaga kitu katika bustani ile?" Mwalimu Isacko akauliza, na macho yake yakapita juu ya darasa zima, dawati kwa dawati. Yalipita juu ya Deeqa. Deeqa aliinamia daftari lake. Akisema, kikundi chao kimeondolewa, na msichana wa mbuzi ameonyesha wazi kwamba hajui kutunza hata jani. Macho yakaendelea mbele.

"Hamse, kesho uje na baba yako," Mwalimu akasema.

Darasa likaguna kwa chini, kwa sababu kila mtu alijua maana yake. Mwezi uliotangulia Hamse alikamatwa akiruka uzio wa shule, na baba yake, Mzee Abdifatah, aliapa mbele ya mwalimu mkuu: lalamiko moja tena, na kijana anaondoka shuleni kwenda Rhamu kwa adeer wake, ndugu wa baba, akalime vitunguu kando ya mto Daua. Mzee Abdifatah hakuwa mtu wa kuapa kwa mchezo.

Alasiri ile Deeqa alirudi nyumbani akiwa na majani yaliyooza ndani ya mfuko. Eeddo Saynab alikuwa akisokota kamba. Alimtazama mtoto, akatazama mfuko, akanyoosha mkono. Alinusa mzizi mmoja, akaubonyeza kwa kidole gumba.

"Hii imekunywa," akasema. "Imekunywa mpaka imekufa. Sasa nimejua maji ya pipa langu yanakwenda wapi."

Deeqa aliketi mchangani na kulia. Alieleza kila kitu: kidumu, alfajiri, wana wa mbuzi, amri ya baba. Shangazi yake alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Baba yako alikufundisha vizuri," akasema. "Lakini alikufundisha habari za mbuzi. Hebu niambie, kaburi la babu yako umeliona?"

"Nimeliona, Eeddo."

"Juu yake pameota nini?"

"Shubiri."

"Niliipanda mwenyewe, mwaka uliozaliwa wewe, kama watu wetu wanavyofanya. Miaka kumi na mitatu. Nani huinywesha?"

Deeqa alifuta machozi kwa ncha ya hijabu. Aliliona kaburi lile akilini, mbali na kila kisima, na shubiri zake zilizosimama kwa afya mwaka hadi mwaka. "Hakuna mtu," akasema.

"Hakuna mtu. Ndiyo maana tunaipanda pale. Tunahama, na yenyewe inabaki kumlinda aliyelala." Eeddo Saynab alichukua jani moja la shubiri lililokuwa bado zima, akalivunja katikati. Ute mzito ukatiririka kwenye kiganja chake. "Tazama. Huyu amekuja na pipa lake mwenyewe. Mkonge nao ni vivyo hivyo. Wewe ulimimina maji juu ya mtu aliyekwisha kushiba, na mizizi haikupata pumzi. Ile mvua iliyowamaliza mbuzi wenu, ilikuwa na upungufu wa maji?"

"Hapana, Eeddo."

"Basi unalijua jambo hili kuliko mimi. Hulitambui tu likija likiwa limevaa majani."

Alimwonyesha namna ya kuokoa kilichobaki. Ng'oa yote. Kata kila palipooza mpaka ufikie palipo pagumu. Weka majani na mashina mahali pakavu kivulini kwa siku tano, mpaka kidonda kikauke na kufunga. Yapande tena katika mchanga mnene uliochanganywa na changarawe, kisha usiyape maji mpaka siku kumi zipite. Hata kipande cha jani la mkonge, kirefu kama kidole, kinaweza kutoa mizizi ukikiacha kifanye kazi yake. Deeqa alimtazama shangazi yake kwa mshangao. Mwanamke huyu hakuwahi kuketi darasani hata siku moja, na kila jani la pori alilijua kama mtu anavyowajua watoto wa ndugu zake.

Halafu Deeqa akamweleza habari za Hamse.

Mikono ya Eeddo Saynab ilisimama juu ya kamba kwa mara ya kwanza alasiri ile. Hakugomba. "Huyo baba yake," akauliza, "atafika shuleni saa ngapi?"

"Saa mbili."

"Haye. Utahitaji kutembea haraka kidogo," akasema, na kamba ikaendelea.

Kesho yake Deeqa alikimbia njia nzima. Alipoingia langoni aliwaona chini ya mgunga: Mwalimu Isacko, Mzee Abdifatah na fimbo yake, na Hamse. Miguuni pa Hamse palikuwa na sanduku la bati lililofungwa kamba. Lori la kwenda Mandera kupitia Rhamu lilikuwa likipakia sokoni, na Mzee Abdifatah alikuwa ameshamtafutia kijana wake nafasi juu ya mizigo. Sado na wanafunzi wengine walisimama mbali kidogo, wakitazama.

Deeqa alipita katikati yao. Alisimama mbele ya Mwalimu, akapumua.

"Mwalimu, Hamse hakumwaga kitu. Ni mimi."

Akaendelea kabla ujasiri haujamtoroka. "Nilikuwa nikileta maji kutoka nyumbani kila alfajiri. Kidumu kizima. Nilidhani ina kiu kama wana wa mbuzi. Shangazi yangu amenionyesha kwamba maji ndiyo yaliyoiozesha."

"Tangu lini?" Mwalimu Isacko akauliza.

"Tangu juma la pili."

"Na jana nilipouliza darasa zima?"

"Nilinyamaza."

"Kwa nini?"

"Niliogopa kuondolewa mashindanoni. Na niliogopa watu waseme msichana wa mbuzi hajui kutunza hata jani." Macho yake yalikuwa yamejaa, lakini hakuyainamisha. "Hamse angekwenda Rhamu kwa kosa langu. Nisamehe, Mwalimu. Nisamehe, Mzee. Hamse, nisamehe."

Mzee Abdifatah aligeuka taratibu. "Waryaa, Hamse. Kwa nini hukujitetea usiku kucha?"

"Nilijitetea, Aabo," Hamse akasema. "Ulikuwa unafunga sanduku."

Mzee aliinama, akalinyanyua sanduku na kuliegemeza kwenye shina la mti, upande wa darasani.

"Lakini pale jioni ulikuwa unafanya nini?" Mwalimu akauliza. "Na safari hii nataka jibu."

Masikio ya Hamse yaliwaka. Alitia mkono mfukoni akatoa kitu kidogo cha waya, chenye miguu minne, shingo ndefu na nundu moja. "Nilikuja kuweka huyu," akasema. "Kijiji cha watu wazima hakiwezi kukosa ngamia. Niliona aibu kusema, kwa sababu nilikuwa nimekicheka."

Mtu mmoja kati ya wanafunzi alianza kucheka, Hamse mwenyewe akafuata, na mwishowe Mzee Abdifatah alimchukua ngamia yule akamgeuzageuza mkononi kama anayetaka kumnunua.

Mwalimu Isacko hakucheka. "Deeqa, unajua sheria ilisemaje."

"Najua, Mwalimu. Tumeondolewa."

"Mmeondolewa," akasema Mwalimu. "Nendeni darasani, wote. Na wewe Hamse, pia."

Sado hakumsemesha Deeqa siku tatu, naye alikuwa na haki. Kazi yake ya miezi miwili ilikuwa imezama pamoja na ya mwenzake, na hakuulizwa. Deeqa aling'oa mimea peke yake, akakata palipooza, akaanika majani nyuma ya stoo. Siku ya nne alisikia nyayo. Sado alikuwa amesimama na ndoo ya changarawe.

"Bado nimekasirika," Sado akasema. "Niimwage wapi?"

Hamse alikuja baadaye kidogo na jembe. Akadai amekuja kumwangalia ngamia wake.

Siku ya wazazi ilipofika, sehemu yao ilikuwa na nyumba nne, ngamia mmoja wa waya, na vipande vya majani na mashina vilivyochomekwa mchangani kama vidole. Wageni waliipita. Ushindi ulikwenda kwa kikundi cha Hamse na sukuma wiki yao, iliyokuwa imefikisha majani manane. Hamse aliyahesabu kwa sauti kila mgeni alipopita. Deeqa alipiga makofi pamoja na wengine. Ilimuuma, na alipiga makofi.

Shule zikafungwa mwezi mzima wa Agosti. Punda wa maji hakuingia langoni, na mlinzi alikuwa na kazi nyingine za kufanya. Upepo mkavu ulipiga kutoka kusini siku baada ya siku, na vumbi likapanda mpaka kwenye viota vya korongo.

Siku ya kwanza ya Septemba, darasa la nne zima lilikimbilia nyuma ya madarasa. Sukuma wiki ilikuwa vijiti vikavu. Maua yaliyoombwa ofisini yalikuwa yamepotea, hata mahali yalipokuwa hapakujulikana. Sehemu baada ya sehemu, ardhi ilikuwa imerudi kuwa vumbi.

Lakini pembeni, chini ya mgunga wa mwisho, kulikuwa na rangi ya kijani. Kila kipande cha mkonge kilikuwa kimetoa mkuki mpya, mdogo, mgumu, wenye madoadoa safi. Shubiri zilikuwa zimejinyoosha na kunenepa, na mbili kati yake zilikuwa na watoto ubavuni. Ule mmea wa kutambaa ulikuwa umepanda juu ya zizi la miiba na kulifunika, na ulikuwa umeanza kuizunguka nyumba ya kwanza. Upepo ulikuwa umeinamisha aqal moja. Mjusi mwenye kichwa chekundu alitoka mlangoni mwake, akawatazama wote, akarudi ndani. Mwezi mzima hakuna mkono uliogusa mahali pale, na palikuwa pazuri kuliko siku yoyote.

Deeqa alipiga magoti.

Hamse ndiye aliyekwenda kumwita Mwalimu. "Mwalimu," akasema, walipofika, "sisi tulishinda, lakini ushindi wetu umekauka. Ukipanda sukuma wiki mbele ya madarasa mapya, itakuwa hivi kila Septemba. Panda hii ya Deeqa na Sado."

Mwalimu Isacko alichuchumaa. Alichimba mchanga kwa kidole, akagusa mizizi mipya, akaifunika tena kwa uangalifu. Waliokuwa karibu waliona kwamba macho yake yanacheka. Aliposimama aliwakabili wote.

"Deeqa alifanya makosa mawili," akasema. "La kwanza alilifanya kwa huruma. Aliupa mmea kile ambacho mbuzi wake walikitaka, bila kuuliza mmea wenyewe unataka nini. Kosa hilo linafundishika. Unamwendea anayejua, kama yeye alivyomwendea shangazi yake, unauliza na unaanza upya. La pili lilikuwa kunyamaza wakati mwenzake amebebeshwa mzigo wake. Hilo lilikuwa kosa zito, na lingeweza kumpotezea Hamse shule."

Deeqa aliinamisha kichwa.

"Inua kichwa," Mwalimu akasema. "Asubuhi ile ulijua kwamba ukisema, utapoteza mashindano, na rafiki yako atakukasirikia, na watu watakucheka. Ulisema. Mimi naweza kuwafundisha watoto hawa mizizi na udongo na maji. Kusimama mbele ya watu na kusema ni mimi, hilo siwezi kumfanyia mtu. Kila mmoja wenu atalifanya mwenyewe, siku yake itakapofika. Na aliyekwisha kulifanya, naweza kumwachia kitu cha shule na nikalala usingizi."

Akatoa ufunguo wa stoo ya majembe mfukoni, akamwekea Deeqa kiganjani.

"Sado, Hamse, chukueni ndoo za changarawe," akasema. "Msimamizi atawaonyesha pa kuanzia."